Asubuhi ni ya Majani

Walinipa filimbi, bendera nyekundu na kiti chenye mguu mmoja mfupi, wakaniambia mimi ndiye mwamuzi wa njia ya tatu. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi uliopita, katika bwalo la shule moja pale Mulot, na shindano lilikuwa lilelile la ujana wangu: roboti tatu zilizoundwa na wanafunzi zinafuata mstari mweusi bila kuguswa na mtu. Ya kwanza inakwenda mpaka inagonga kitufe mgongoni mwa ya pili, ya pili inaamka na kwenda kuiamsha ya tatu, na ya tatu inamaliza. Ni mbio za kupokezana vijiti, ila kijiti chenyewe ni huko kugongana. Nimefundisha umeme katika chuo cha ufundi Kericho miaka ya kutosha kuota mvi za kwanza, kwa hivyo waandaaji waliniona mtu wa maana, nami sikuwakatalia. Nilikuwa nimekaa nikijipepea kwa bendera nilipomwona mwanamke amepiga magoti, anaupapasa mstari kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, huku watoto watatu wa shule moja ya Chepilat wakimfuata nyuma. Hakuwa amegeuka bado, lakini nilijua ni Moraa. Kuna watu wa zamani ukiwaona unatafuta pesa ya kuwanunulia soda. Mimi nilitafuta mlango.

Mwaka ambao haujawahi kuniisha kichwani ni ule wa kidato cha tatu. Mwalimu Koskei, mwalimu wetu wa fizikia, mtu mpole aliyevaa sweta moja misimu yote, alirudi kutoka semina na sanduku la vipuri akatangaza kwamba shule yetu itaingia mashindano. Akachagua watatu: Kiprono, aliyekuwa akitengeneza redio za kijiji kizima, Moraa, aliyetushinda wote katika fizikia, na mimi. Akanifanya kapteni kwa sababu nilikuwa na sauti. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa, na hakuna aliyebisha. Shuleni hapakuwa na chumba cha kututosha, basi tukapewa kituo cha majani kilichokuwa ng'ambo ya barabara, lile banda la mbao na mabati ambamo wakulima huleta majani ya chai yapimwe kabla lori la kiwanda halijayachukua. Hadi leo naweza kulinusa: majani mabichi yaliyoanza kunyauka, magunia, makoti ya mvua yaliyolowa, na moshi wa kulehemu nyaya. Tulilaza plaiwudi nyeupe karibu na mzani, tukachora njia kwa tepu nyeusi, na tangu saa kumi jioni hadi giza likaribie banda lilikuwa letu. Jumamosi tuliingia baada ya chakula cha mchana. Asubuhi hatukuingia kabisa, na mtu yeyote wa kwetu angekueleza sababu bila kufikiri: asubuhi ni ya majani, mchana ni wa mvua. Mvua ya Kericho inaheshimu saa kuliko watu wake. Ikishapita saa nane unaisikia inatembea juu ya chai kutoka mbali, kisha iko juu ya mabati na huwezi kusikia lingine. Tulifanya kazi ndani ya mvua hiyo miezi yote, wingu limekaa juu ya paa, balbu moja ya manjano ikining'inia juu ya mzani, na hata siku moja hatukujiuliza kama kuna mahali penginepo panapoonekana tofauti.

Nieleze kidogo kuhusu roboti zenyewe, maana bila hilo kosa langu halieleweki, na nataka lieleweke. Hazikuwa na akili nyingi. Chini ya tumbo zilikuwa na jicho dogo linalotupa mwanga sakafuni na kungoja urudi: nyeupe huurudisha, nyeusi huumeza. Jicho hilo sharti uliambie nyeupe inaishia wapi na nyeusi inaanzia wapi, na unaliambia kwa kuzungusha skrubu ndogo kwa bisibisi, kidogo kidogo, mpaka roboti iache kuyumba. Mimi na Kiprono tulizungusha zetu bandani, zikatulia, tukajiona mafundi. Moraa alikuwa akienda na yake nyumbani kila Ijumaa. Aliishi kambini, katika zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, kwa sababu baba na mama yake walikuwa wachumaji waliotoka Nyamira kabla yeye hajazaliwa. Jumamosi asubuhi, badala ya kulala, alikuwa akitoka nayo barazani kuizungusha skrubu yake huko. Mchana akija bandani, roboti ileile inasimama katikati ya njia na kuganda. Anaizungusha upya, inakubali. Wiki inayofuata anarudi na hadithi ileile. Mimi nikaona ni ubishi wa kifaa kibovu na mwenye kifaa aliyezidi ukaidi.

Na mbaya zaidi ni kwamba nilikwenda kwao nikaona kwa macho yangu. Jumamosi moja alinialika, nikafika mapema, jua likiwa bado halijafunikwa, limejaa baraza yote ya saruji. Alikuwa amebandika tepu sakafuni, na roboti yake ilikuwa inazunguka juu yake bila kukosea, mara nyingi kupita nilivyojali kutazama, na watoto wa majirani wamechuchumaa pembeni wakiishangilia. Nakumbuka niliona wivu kidogo. Nakumbuka pia kwamba sikuuliza swali hata moja. Tuliingia ndani, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua, kalenda za zamani ukutani, sufuria zilizosuguliwa zikining'inia kama vikombe vya ushindi. Mama yake alipakua ugali wa wimbi na ile mboga chungu ambayo kwetu ni sageti na kwao ni chinsaga. Tulikuwa tunakula nikamsikia baba Moraa nje ya dirisha akiongea na jirani. Walikuwa wakizungumza Kiswahili kwa vile jirani alikuwa mtu wa Kakamega. Alisema mashine za kuchuma zimeongezwa tena, kwamba kikundi chao kizima kimeambiwa kitapumzishwa, na kwamba ikifika Disemba nyumba itatakiwa iwe wazi. Jirani akamuuliza na msichana wa shule je. Baba Moraa akasema mwalimu mkuu amekubali: wale wa timu ya roboti hawatatenganishwa mpaka kidato cha nne, kwa hivyo wakihama, Moraa atapewa kitanda bwenini bila malipo. Mama yake aliniongezea mboga ambayo sikuiomba.

"Nyinyi watatu mshikane," akaniambia. "Huyu wangu akitoka hapo kwa timu, hakuna shule ingine. Ni kurudi Nyamira tulime na yeye."

Nikamwambia asijali, Mama, tuko pamoja. Nilisema hivyo mdomo ukiwa umejaa ugali wake.

Sasa nije kwa ile siku. Mashindano yalikuwa yamekaribia. Kanuni zilisema roboti ikisimama, mwamuzi anahesabu hadi kumi. Isipotembea, timu nzima imetoka. Nilikuwa nimejipa kazi ya kuhesabu wakati wa mazoezi, na niliipenda kazi hiyo kuliko inavyofaa. Kwa roboti ya Kiprono nilihesabu kama mtu anayepanga mayai. Kwa ya Moraa nilihesabu kama mtu anayefukuza kuku. Mvua ilikuwa inapiga mabati, karani wa kituo alikuwa anafunga mzani wake, na roboti ya Moraa ikaganda tena palepale katikati. Nikafika kumi kabla hajaweza hata kuinama. Moraa hakukasirika. Alikuwa na tabia ya kufikiri huku akikuna kidole gumba, na alikuna kwa muda.

"Asubuhi inatembea poa," akasema. "Ni hapa tu inakataa. Si tujaribu zote siku moja asubuhi, tuone?"

"Asubuhi ni ya majani," nikamjibu. "Kama roboti yako inapenda asubuhi, kaa nayo huko asubuhi."

Kiprono alicheka. Karani naye alicheka, na yeye hata hakujua tunaongelea nini. Nilifurahi kuwachekesha, lazima niseme hivyo, kwa sababu nimeshasikia watu wakisimulia makosa yao kana kwamba waliyafanya wakiwa na huzuni. Mimi nilikuwa na furaha. Moraa alitabasamu upande mmoja wa mdomo, akaichukua roboti yake, akaifuta tumbo kwa mkono wa sweta.

Kesho yake nilimfuata Mwalimu Koskei katika chumba cha walimu wakati wa chai ya saa nne. Nilimkuta peke yake, mbele yake kikombe na andazi lililoumwa mara moja. Nikamwambia roboti ya kati inatuangusha, na kwamba Langat wa darasa letu anaweza kuunda nyingine kwa kunakili yangu, skrubu kwa skrubu, ili zote tatu ziwe sawa kama chai iliyopogolewa siku moja. Nilikuwa nimeupanga mfano huo usiku kucha na nikauona mzuri. Mwalimu aliniuliza kama najua maana yake kwa Moraa. Nikasema, "Najua, mwalimu. Lakini si shule inataka kushinda?" Hakuwa mtu wa kugombana. Nimemlaumu mara nyingi kwa upole ule, halafu nakumbuka nani alikuwa anautumia. "Basi wewe ndio kapteni," akasema. Ijumaa kwenye gwaride, mwalimu mkuu alinisimamisha mbele ya shule nzima akasema kiongozi wa kweli ni yule anayeweza kufanya uamuzi mgumu. Wanafunzi walipiga makofi. Moraa pia alipiga. Tulipovunja mistari alikuja akanipa bisibisi aliyokuwa akiibeba nyumbani. "Hii ni ya timu," akasema, na akaenda darasani.

Shindano lilifanyika Mulot, na lilifanyika asubuhi. Ukitoka kwetu ukashuka upande ule wa Narok, chai inakuacha njiani, unaanza kuona mahindi na ngano na ng'ombe wengi, na juu yake anga ambayo haina haraka ya kunyesha. Bwalo lilikuwa na mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, kila baada ya mabati mawili matatu ya kawaida, na jua lilishuka humo likalala sakafuni vipande vipande. Nilivitazama vile vipande vikiwa juu ya njia yetu, lakini bado sikuelewa. Roboti ya Kiprono iliondoka vizuri, ikaingia kwenye jua, ikaanza kuyumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Ikageuka, ikaurudia mstari, ikaukosa, ikasimama. Mwamuzi akaanza kuhesabu. Pale, akiwa kwenye tatu au nne, niliiona ile baraza ya saruji, na roboti inazunguka katikati ya jua bila kukosea. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalifika kabla ya chakula cha mchana. Niliitazama roboti yangu mkononi, nikamtazama Langat ameshika pacha wa hiyo yangu, nikajua kwamba hata kama ya Kiprono ingefika, hizi mbili zingekufa vilevile. Zetu tulizipima kwenye giza la mvua; jicho la roboti moja tu kati ya zote tulizounda lilikuwa linalijua jua, nayo ilikuwa kambini ndani ya katoni. Timu nyingine zilizofika mbali zilikuwa za pande za huko chini, watoto waliozoea kufanya kazi mchana kweupe. Tulikula wali na maharagwe yao, na katika gari la kurudi nilijifanya nimelala.

Hapa ndipo hatia yangu hasa ilipo, na imenichukua miaka kuitenganisha na ile nyingine. Kumtoa Moraa lilikuwa kosa la mtoto mwenye kiburi. Lakini kutoka siku ile hadi Disemba kulikuwa na wakati wa kutosha. Ningeweza kwenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia: tulikosea sisi, msichana yule ndiye aliyekuwa sahihi, alituomba tujaribu asubuhi na mimi nikamcheka; mrudishie nafasi yake, timu ya mwaka ujao ni yeye. Mzee yule alikuwa na masikio. Kitanda kilikuwepo, nilikiona mwenyewe, godoro limekunjwa juu yake muhula mzima. Kilichonizuia ni kwamba ningelazimika kusimama mbele ya gwaride lilelile lililonipigia makofi. Nikawa napita njia ya nyuma ya maktaba ili nisikutane na Moraa. Waliposema sababu ya kushindwa ni betri, nikasema ndiyo, betri.

Siku waliyohama, mama yangu alinituma kambini na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, wanywe njiani. Lori lilikuwa limeshapakiwa: kitanda kimesimamishwa wima, kuku ndani ya kikapu, zile sufuria zimefungwa kwa shuka. Mama Moraa alinishukuru kwa maziwa akanishika kichwa, na hilo ndilo lililonichoma. Moraa alikuwa barazani anabandua mabaki ya tepu nyeusi kwa kucha. Nilisimama karibu naye nikiwa na maneno yote kifuani. Aliendelea kubandua, halafu akaniuliza bila kuinua uso, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa:

"Huko Mulot, kulikuwa na jua?"

"Kidogo tu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akakunja vipande vya tepu kuwa kidonge, akavitia mfukoni, akapanda lori.

Basi huyo ndiye niliyemwona mwezi uliopita amepiga magoti kwenye njia ya tatu. Baadaye niliambiwa ana kibanda cha kutengeneza simu sokoni Chepilat, na kwamba jioni huwafundisha watoto wa shule iliyo jirani na kibanda, maana mwalimu wao wa fizikia alihamishwa. Hakurudi shule. Kila kitu anachokijua amekifungua kwa mikono yake mwenyewe. Nilipozitazama roboti za watoto wake niliona kila moja imevalishwa kisketi cha karatasi ngumu nyeusi kuzunguka jicho, kimeshuka hadi karibu kuigusa sakafu, ili jicho lifanye kazi katika giza lake lenyewe na jua lipige lipendavyo. Kitu cha dakika chache, cha mkasi na gundi. Wanafunzi wangu wa chuo huwa nawauliza swali hilo kwenye mtihani.

Alinyanyuka, akajipangusa magoti, akaja kunisalimia kwa heshima ya mkufunzi anayemsalimia mwamuzi. Amenenepa kidogo, tabia ya kukuna kidole gumba ni ileile. Aliinua macho kwenye yale mabati ya plastiki, ambayo asubuhi hiyo yalikuwa yakiwaka hata huwezi kuyatazama.

"Habari ya siku nyingi, madam," akasema. "Jua la leo ni kidogo tu, ama?"

Nilifungua mdomo. Nilianza kusema kwamba kuna jambo nimekuwa nikitaka kumwambia tangu ile siku ya lori. Alinisikiliza mpaka nikakwama, bila kunisaidia na bila kunizuia, kisha akasema tutaongea, saa hii yuko na watoto. Akarudi kwao.

Roboti yao ya kwanza ilikwenda kama uzi. Iliingia kwenye jua ikatoka, ikagonga kitufe cha ya pili safi kabisa. Ya pili, iliyoundwa na kasichana kembamba kenye meno yaliyopishana, iliamka, ikaenda hadi katikati ya njia, ikasimama. Haikuwa jua. Labda waya ulilegea, labda gurudumu. Kazi ya kuhesabu ilikuwa yangu. Nikasema moja. Nikasema mbili. Nikajikuta navuta tatu, navuta nne, natafuta pumzi kati ya namba na namba, na moyoni nasema tembea, tafadhali tembea, nikupe hata dakika nzima, hakuna atakayejua. Nilikuwa nimefika tano kwa mwendo wa mtu anayepanga mayai niliposikia sauti yake kutoka ukingoni mwa njia, chini, kwa ajili yangu peke yangu.

"Chelangat. Hesabu vile unahesabia wengine."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina tangu tulipokuwa wasichana. Nikahesabu. Sita, saba, nane, tisa, sawasawa, kwa mwendo wa saa ya ukutani. Nikafika kumi, nikainua bendera. Kale kasichana kakaziba uso kwa mikono. Moraa alivuka njia, akaiokota roboti, akaipindua, akampa mwenyewe aishike huku akimwonyesha kitu chini ya tumbo la roboti kwa bisibisi. Hakumwambia asilie. Alimngoja amalize.

Siku hizi kanuni zimelegezwa, timu iliyotoka hupewa raundi moja zaidi baada ya chai, na ni ruhusa kubadilisha mpangilio au kuleta roboti ya akiba. Walikuwa nayo; niliiona ndani ya katoni, mpya, kisketi chake kimenyooka. Mmoja wa wavulana aliishika akamtazama Moraa akiuliza kwa macho. Moraa akamwashiria airudishe ndani. Nilichukua filimbi yangu nikarudi kwenye kile kiti kibovu, na kale kasichana, macho bado mekundu, kakaja kakapiga magoti mbele yangu kakaiweka roboti yake palepale pake, katikati.